Mume wangu hataki nipinge uthamini wa nyumba yetu

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto watatu, na ninaishi na mume wangu pembezoni mwa jiji la Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Ninafanya kazi ya uuguzi kwa zamu za usiku, na mwenzangu anaendesha lori la masafa marefu. Mwaka 2021 tulinunua nyumba kwa mkopo wa benki wa miaka thelathini, na majina yetu wote wawili yamo kwenye hati.

Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, lakini kodi ya majengo ni nzito, na kila mwaka ifikapo Aprili ofisi ya uthamini ya kaunti hututumia ilani inayoeleza nyumba yetu ina thamani gani machoni pa serikali. Ilani ya mwaka huu ina namba mbili ambazo sizielewi sawasawa. Thamani ya soko imepanda kutoka dola 305,000 hadi dola 342,000, na chini yake kuna thamani ya uthamini, ambayo imepanda kutoka dola 271,000 hadi dola 298,100. Tangu Februari benki imekwisha kutuongezea rejesho la mwezi kwa dola 140, na kwa sababu ya uthamini huu nahofia kwamba mwakani tutashindwa kabisa kumudu.

Mwenzangu wa kazini ameniambia kwamba mwenye nyumba anayo haki ya kuweka pingamizi, na kwamba yeye hufanya hivyo kila mwaka. Nilipomweleza mume wangu, alikataa katakata. Kwake yeye ilani hii ni habari njema, na tayari ameipiga picha na kuwatumia kaka zake. Ana mpango wa kuchukua mkopo kwa dhamana ya nyumba hii ili amalizie nyumba tunayojenga Kibaha, kisha baada ya miaka michache tuiuze ya huku na kurudi nyumbani. Anasema tukienda wenyewe kuiambia serikali kwamba nyumba yetu haina thamani hiyo, bei itashuka, benki itaona, na hakuna mnunuzi atakayetupa fedha ya maana. Anaongeza kwamba sisi ni wageni, na mgeni hashindani na serikali. Nadhani pia anakumbuka yaliyompata baba yake, ambaye eneo lake lilitwaliwa kwa mradi wa barabara na likathaminiwa kwa bei ndogo mno; jambo hilo halijawahi kumtoka moyoni.

Kuna jambo jingine. Ukuta wa sebule umepasuka kwa sababu msingi umetitia upande mmoja, na fundi aliyeuangalia alisema matengenezo yake si ya fedha kidogo. Nilifikiri picha za ufa huo zingekuwa ushahidi mzuri wa kuonyesha kwamba thamani waliyoandika ni kubwa mno. Mume wangu aliposikia hivyo alikasirika zaidi, akasema nataka kuitangaza aibu ya nyumba yetu kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mwisho wa kuweka pingamizi ni tarehe 15 Mei. Fomu inajazwa kwa njia ya intaneti, na ningeweza kuijaza peke yangu usiku nikiwa mapumzikoni kazini, naye asijue. Hatujawahi kufichana jambo la fedha tangu tuoane. Nikinyamaza, naona tunalipa fedha tusiyopaswa kulipa, na nikipinga kisha nyumba ikashuka bei, nitalaumiwa maisha yangu yote. Naomba unisaidie kufikiri.

Mama wa Watoto Watatu, Texas

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: hesabu ya kodi, na namna wewe na mume wako mnavyoamua mambo ya mali mliyoichuma pamoja. Nitaanza na hesabu, maana naona hofu zenu zote mbili zimesimama juu ya namba ambazo hakuna aliyewafafanulia.

Rejesho lililopanda Februari haliwezi kuwa limetokana na ilani uliyoipata Aprili. Kodi ya mwaka huu itaandikiwa bili kuanzia mwezi wa Oktoba, na mwisho wa kuilipa bila adhabu ni Januari 31. Benki yenu hukusanya fedha za kodi na za bima kidogo kidogo kila mwezi, huzitunza katika akaunti ya pembeni na kulipa kwa niaba yenu, na mara moja kwa mwaka hufanya hesabu kuona kama zilitosha. Kwa hiyo dola 140 zinatokana na kodi ya mwaka uliopita, au na bima ya nyumba, ambayo katika maeneo yenye vimbunga kama Houston imepanda sana, au na vyote viwili. Benki ina wajibu wa kukupa mchanganuo wa akaunti hiyo, nawe uusome kabla ya kuamua chochote. Huenda ukakuta kwamba sehemu kubwa ya mzigo unaokulemea imo kwenye bima, na bima haipunguzwi kwa pingamizi la uthamini.

Sasa tuje kwenye namba mbili za ilani. Sheria ya Texas inasema kwamba nyumba ambayo mwenyewe anaishi, akiwa ameiandikisha kuwa makazi yake, haiwezi kupandishwa thamani ya kutozwa kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa ameongeza jengo jipya, hata kama bei za soko zimepanda mara mbili ya hapo. Dola 271,000 ukiziongezea asilimia 10 unapata dola 298,100 kamili, ndiyo namba uliyoandikiwa. Maana yake nyumba yenu imeandikishwa na kinga hiyo inafanya kazi. Zaidi ya hayo, shule za umma, ambazo kwa kawaida huchukua sehemu kubwa kuliko mamlaka nyingine, huondoa dola 140,000 kwenye thamani ya nyumba ya makazi kabla ya kukokotoa kodi yao. Kiasi hicho kilikuwa dola 100,000 hadi wapiga kura walipokubali kukiongeza mwezi wa Novemba 2025.

Kwa hiyo zile dola 342,000 ambazo mume wako amewatumia ndugu zake, na ambazo wewe zinakunyima usingizi, si namba mnayotozwa kodi mwaka huu. Hesabu ya kodi yenu huanzia kwenye dola 298,100, kabla ya kuondoa punguzo kama hilo la shule. Ongezeko la kutoka mwaka jana ni dola 27,100. Tukichukulia kwa mfano kwamba viwango vya kaunti, shule na mamlaka nyingine za eneo lenu vikijumlishwa vinafika asilimia 2.2, ongezeko hilo ni karibu dola 600 kwa mwaka, yaani kama dola 50 kwa mwezi. Si fedha ya kudharau kwa familia yenye watoto watatu, lakini nadhani ni ndogo kuliko ile uliyokuwa ukiihofia. Kumbuka pia kwamba wathamini hawapangi viwango. Hao hukadiria thamani tu, na viwango hupangwa baadaye na kaunti, miji na bodi za shule, ambazo wakati mwingine huvishusha thamani zinapopanda kila mahali.

Hapa ndipo inapokuja habari ambayo huenda isikufurahishe. Ili pingamizi lipunguze kodi yenu ya mwaka huu, thamani ya soko lazima ishuke chini ya dola 298,100, yaani kwa karibu asilimia 13. Ukishinda na kuishusha hadi dola 315,000, utakuwa umeshinda kwenye karatasi na bili ya Oktoba itabaki ilivyo. Faida inaweza kuja mwakani, kwa kuwa kinga ya asilimia 10 itaruhusu thamani ya kutozwa kodi ipande hadi dola 327,910, lakini haiwezi kuizidi thamani ya soko. Kadiri soko linavyoandikwa chini, ndivyo nafasi ya kupanda inavyopungua. Hata hivyo mthamini hukadiria upya kila Januari mosi, na huna hakika kwamba namba uliyoipigania itabaki palepale.

Nisikilize sasa nikimsemea mume wako, kwa sababu hayupo hapa kujisemea. Mtu aliyekulia kwetu ana sababu za kuamini anayoyaamini. Tanzania kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hutozwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ghorofa mijini shilingi 7,500 kwa kila sakafu, bila mtu kuja kuuliza nyumba hiyo ingeuzwa kwa bei gani. Wananchi wengi humwona mthamini wa Serikali pale tu ardhi inapotwaliwa na fidia inapokokotolewa, na hapo namba kubwa ndiyo haki na namba ndogo ndiyo dhuluma. Mtoto aliyemwona baba yake akipewa karatasi ya fidia isiyolingana na jasho lake hawezi kukaa kimya mke wake anapotaka kuiomba serikali iandike namba ndogo zaidi. Pengine anatetea zaidi ya bei ya nyumba. Je, umewahi kumwambia kwamba unalielewa hilo, kabla ya kumwonyesha fomu?

Lakini hoja yake ya bei inahitaji kupimwa. Bei ya nyumba huamuliwa na mnunuzi na muuzaji wanapokubaliana, na benki ya mnunuzi humtuma mthamini wake kutazama nyumba yenyewe na nyumba nyingine zilizouzwa karibu. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mkopo ambao mume wako anautaka: mkopeshaji huhitaji thamani ya soko ya siku hiyo, na karatasi ya kodi haimtoshi. Tena, kodi yenyewe huingia ndani ya bei kwa njia ambayo wengi hawaioni. Mnunuzi wa mkopo hutazama anachoweza kulipa kwa mwezi, na kodi imo humo. Kwa riba ya asilimia 7 na mkopo wa miaka thelathini, kila dola 1,000 za kodi ya mwaka humpunguzia uwezo wa kukopa kiasi cha dola 12,500. Kinga mliyonayo ninyi haihami na nyumba, kwani Januari mosi inayofuata mauzo huondoka, na mwenye nyumba mpya huanza kutozwa kwa thamani ya soko. Mnunuzi makini anajua hivyo na atapiga hesabu kwa namba kubwa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba thamani kubwa kwenye daftari la kaunti inaidhoofisha bei ambayo mume wako anadhani inailinda.

Nasema inawezekana, kwa sababu mume wako naye ana sehemu ya ukweli. Texas ni miongoni mwa majimbo ambayo hayalazimishi bei za mauzo ya nyumba kutangazwa, na kwa sababu hiyo watu wengi hutazama daftari la kodi kama dira. Mnunuzi mjanja anaweza kukuta kwamba kaunti iliandika dola 295,000 na akaitumia namba hiyo kuwabana mnapotaka dola 340,000. Dalali mwenye uzoefu hulijibu hilo kwa urahisi kwa orodha ya nyumba zilizouzwa, lakini ni swali litakaloulizwa.

Na kuhusu ufa wa sebuleni, naona mume wako ameshika jambo la kweli bila kulieleza vizuri. Namba ndogo pekee haina madhara makubwa, ila ushahidi ni jambo zito. Ukiwasilisha picha na makadirio ya fundi kwa maandishi, utakuwa umethibitisha kwamba mlijua kuhusu msingi tangu siku hiyo. Kwa upande mwingine, sheria ya Texas inamtaka anayeuza nyumba ya makazi kujaza hati ya kueleza kasoro anazozijua, na kasoro hii mnaijua tayari, pingamizi liwepo au lisiwepo. Mkiuza mkaificha, mnaweza kushtakiwa. Kwa maoni yangu ufa huo ni mzito kuliko ilani yenyewe, maana mthamini wa benki atauona hata kama wa kaunti hakuuona. Ipo njia nyingine ya kupinga isiyohitaji picha hizo, nayo ni kuonyesha kwamba nyumba zinazofanana na yenu mtaani zimekadiriwa chini kuliko yenu. Thamani zao zinapatikana wazi kwenye tovuti ya ofisi ya uthamini, na unaweza kuzitazama usiku mmoja tu kabla hujajaza chochote. Ukikuta majirani wote wamo karibu na dola 340,000, utajua kwamba njia hiyo ni nyembamba.

Suala la ugeni naomba ulizungumze na mume wako kwa upole. Pingamizi la uthamini ni haki ya kila mwenye mali, na mtu akikosa mapatano na mthamini husikilizwa na bodi ya wakazi wa kaunti ileile. Halihusiani na ofisi za uhamiaji. Marekani yenyewe ina mfano mchungu wa watu waliotozwa kupita kiasi: katika jiji la Detroit, baada ya bei za nyumba kuporomoka mwaka 2008, daftari la kodi liliendelea kwa miaka kubeba thamani za zamani, na gazeti la Detroit News lilikokotoa mwaka 2020 kwamba wakazi walitozwa zaidi ya walichostahili kwa angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Wengi waliathirika wakiwa katika nyumba za bei ya chini, na wapo waliopoteza nyumba zao kwa deni la kodi. Aliyeuliza mapema hakuwa mkaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo linahitaji macho ya mwenye mali.

Sasa nikuulize kuhusu usiri. Unaweza kujaza fomu peke yako, sheria haikuzuii. Lakini majibu yatakuja nyumbani kwenu, huenda wakati yeye yuko nyumbani na wewe uko kazini. Je, ugomvi wa siku hiyo utahusu dola 600, au utahusu ukweli kwamba kwa mara ya kwanza mmefichana? Ukiamua kunyamaza nako kuna gharama yake, kwa sababu unaonekana kuwa mtu ambaye atakumbuka kila Oktoba bili itakapofika. Je, mume wako angekubali mkae pamoja na ilani, mchanganuo wa benki na orodha ya majirani, si kwa lengo la kuamua kupinga, bali kuona tu kama kuna cha kupinga? Je, angekubali kumwuliza dalali mwenye leseni, mtu asiye upande wako wala wake, nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani leo ikiwa na ufa huo? Jibu la dalali linaweza kumtuliza yeye, au likakutuliza wewe.

Na usisahau kwamba ule mkopo wa Kibaha ni uamuzi mkubwa kuliko pingamizi. Texas hairuhusu jumla ya madeni kupita asilimia 80 ya thamani ya nyumba, na haitoi mkopo wa namna hiyo bila ridhaa ya mume na mke. Saini yako inahitajika. Sikuambii uitumie kama silaha, kwa kuwa ndoto ya kumaliza nyumba ya nyumbani ni yenu wote wawili, lakini inakupa nafasi ya kuyaweka mambo yote matatu mezani kwa pamoja: kodi, ufa na mkopo. Huenda naye atasikia vizuri zaidi akijua kwamba hujaukataa mpango wake, bali unataka nyumba inayoubeba mpango huo iwe imesimama sawasawa.

Tarehe uliyoitaja iko hivi: mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu ilani ilipotumwa, ile itakayochelewa zaidi, kwa hiyo itazame vizuri tarehe iliyochapishwa kwenye ilani yenu. Kupinga wenyewe hakuna ada. Zipo kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa kuchukua sehemu ya kodi iliyookolewa, lakini kwa hali yenu soma mkataba kwa makini, maana kushushiwa thamani ya soko bila kupungua kwa bili si jambo la kulipia. Pingamizi likishawekwa linaweza kuondolewa kabla ya kusikilizwa, mkiona pamoja kwamba halina tija. Tarehe ikishapita bila kuwekwa, mlango wa mwaka huu hufungwa isipokuwa kwa sababu chache sana, na ilani nyingine itakuja Aprili.